Mteja Aliyetaka Gia Ilegezwe

Nyinyi vijana mnaofungua gereji hapa Njoro siku hizi, kusema kweli nawaonea wivu. Gari likiletwa mnachomeka kidude chini ya usukani. Kidude kinasoma gari, nyinyi mnasoma kidude, mteja anawasoma nyuso, na jioni kila mtu anarudi nyumbani ameelimika. Sisi tulikuwa na mikono tu. Mikono haiishiwi chaji, lakini pia haikuandikii ugonjwa kwenye kioo.

Nimeshastaafu, na mstaafu haombwi ushauri na mtu, kwa hiyo nautoa bila kuombwa. Nataka kuwaambia habari za gia iliyolegea. Najua mtasema hiyo ni kazi ndogo. Ni ndogo kweli, ndiyo maana mafundi wengi huikuza.

Enzi zetu palikuwa na mwenzetu tuliyemwita Fundi Shusha, kwa sababu hakuna gari lililoingia kwake likatoka bila kushushwa giaboksi. Klachi ikiteleza, shusha giaboksi. Gia ikigoma, shusha giaboksi. Wanasema siku moja mteja alilalamika kwamba mlango wake haufungi vizuri, na Fundi Shusha akaenda kutafuta jeki. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu na mchapakazi, na magari ya watu yalikaa kwake mpaka kuku wakataga kwenye viti vya nyuma.

Aliyenifundisha mimi, marehemu Fundi Ndesario, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Kabla hajagusa spana, aliketi kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akaushika mkono wa gia kwa vidole viwili. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilicheka, nikawaambia wenzangu fundi anasali.

Akafumbua jicho moja. "Nasali upate akili," akasema. "Njoo ushike hapa."

Nikashika. Akanifundisha kusikiliza kwa vidole. Gia ikicheza huku na huko kama mwiko kwenye sufuria ya mtori wa ndizi, tena bila kupiga kelele, ugonjwa uko juu, karibu na kiganja chako. Ikichomoka yenyewe ukiachia mafuta, chungulia kwanza mipira inayoshikilia injini, huenda injini ndiyo inayocheza ngoma na gia imealikwa tu. Ikisaga na kulia, hapo mpe mteja pole, ndipo umtafute Fundi Shusha. Na kwa yale magari madogo ambayo gia yake inavutwa kwa waya au vyuma vinavyopita chini, mtu mmoja alale chini kutazama maungio na mwingine atikise gia. Ila hakikisha huyo wa juu hajawasha gari. Namjua mtu aliyesahau kuhakikisha. Siku hizi anauza nyanya, na habari za magari hataki kuzisikia.

Lakini hakuna gia iliyonifundisha kama ya pikapu ya Baba Manka.

Huyu Baba Manka, jina lake Mzee Ndekirwa, ni mtu wa Kirua Vunjo. Ujana wake wote aliendesha lori la kahawa, na huko kwao hata watoto wasiojua jina lake walimwita Dereva. Alipostaafu alinunua pikapu ya Kijapani, kuukuu lakini yenye injini ya chuma cha kweli. Akawa anamchukua mkewe, Mama Manka, kwenda Kahe kuleta mabua ya mahindi, kwa sababu mama huyo anafuga ng'ombe wa maziwa bandani, na ng'ombe wa bandani hula kama wageni wa harusi. Mgonjwa akizidiwa kijijini, aitwe Dereva. Bibi harusi atoke kanisani, aitwe Dereva. Naye alikuja amevaa koti, kaweka uso wa mtu aliyesumbuliwa, na moyoni anachekelea.

Gia ya pikapu hiyo ilianza kulegea polepole, kama uzee. Miaka ilipopita ikafika mahali mkono wa gia unalala popote unapotaka. Ukitafuta gia ya kwanza, unagonga goti la abiria. Ya pili ilipatikana kwa kuusindikiza mkono kwanza kushoto, kisha kuubembeleza chini. Ya tatu ilikuja yenyewe ikijisikia. Mzee Ndekirwa alizijua zote kama mtu anayejua ngazi za nyumba yake gizani, na hakuna mtu mwingine Kirua nzima aliyeweza kulisogeza gari lile hata kwenda dukani.

Nilimwambia mara nyingi, "Mzee, shikamoo, hii ni bushi tu. Niachie nusu saa."

"Marahaba. Gari langu halina tatizo," alikuwa akinijibu. "Watu ndio hawajui kuendesha."

Sasa Mama Manka, akiwa mtu mzima na wajukuu wake, akaingia shule ya udereva hapa mjini. Alifaulu. Akarudi na leseni, akaingia kwenye pikapu, na akaitafuta gia ya kwanza mpaka jasho likamtoka. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Nilikwambia," akasema kwa upole mkubwa, "hili gari linataka mzoefu."

Siku moja mama huyo akanipigia simu. Mzee alikuwa ameenda na kwaya kwenye mazishi ya mbali, atarudi jioni. "Fundi," akasema, "ile bushi unayoisema kila siku, unayo?"

Nilipanda bodaboda na bushi mfukoni.

Nilimwambia aketi kwenye ndoo atazame, maana fundi anayemfukuza mwenye gari wakati wa kazi ana lake jambo. Niliweka mawe kwenye magurudumu, kwa sababu Kirua mahali tambarare ni habari ya kusimuliwa tu. Nikaiacha gia huru. Nikafungua kirungu cha juu, nikavua ule mpira mweusi wa kuzuia vumbi, ambao wa gari hili ulikuwa umepasuka ukawa unalikaribisha. Chini yake kuna kifuniko cha chuma chenye springi. Hicho hakipigwi nyundo, jamani. Unakikandamiza kwa mikono miwili, unakizungusha kidogo, kinaachia, na mkono wa gia unanyanyuka wote mzima. Kabla hujaanza kujisifu, ziba tundu kwa kitambaa safi. Tundu lile linakwenda moja kwa moja ndani ya giaboksi, na nati ikitumbukia humo, hongera, nawe umekuwa Fundi Shusha.

Kwenye ncha ya chini ya mkono wa gia panatakiwa kuwe na kikombe kidogo cha plastiki ngumu, kiasi cha kizibo cha soda. Hiyo ndiyo bushi. Kwenye gari la Baba Manka palikuwa na kumbukumbu ya bushi. Vipande vyake nilivitoa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye grisi. Nikapangusa, nikavalisha mpya, nikapaka grisi kidogo, nikarudisha kila kitu mahali pake. Wapo mafundi ambao wangeviringisha kipande cha mpira wa tyubu wakakiita bushi. Kinashika vizuri sana mpaka ufike mahali pabaya.

Chai aliyonimiminia Mama Manka ilikuwa bado ya moto.

Akapanda, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Ikaingia. Akatoa, akaingiza ya pili, akatoa, akarudia, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Kisha akaondoka na gari, akapotea kwenye migomba, na nilichosikia ni mlio wa injini ukipanda na kushuka barabarani, na majirani wakiuliza ni nani huyo. Hatimaye akarudi. Alizima gari, akauegemea usukani, akacheka peke yake.

Siku ya tatu Mzee Ndekirwa akaja gereji, kwa basi. Amevaa koti lake. Nikamwamkia, akaitikia huku anaangalia ukuta.

"Umeligusa gari langu."

"Nimeligusa, mzee."

"Nani alikutuma?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi mwenye ng'ombe."

Hakucheka. Akavuta kiti, akaketi. "Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini, mzee wangu?"

"Ulegevu."

Miaka yote ya kazi watu wameniomba mambo. Nimeombwa nipunguze kelele za bomba, na nimeombwa niziongeze. Kuna bwana aliniomba nimfungie taa za mbele za bluu ili aonekane mtu wa maana. Lakini kuombwa ulegevu, hapana, sijawahi, na duka la spea linalouza ulegevu silijui. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia nimefundishwa kukaza, na kulegeza ni kazi ya barabara, asubiri tu itamfanyia bure.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Jana nimeamka gari halipo. Limeenda Kahe, limechukua mabua, limerudi. Salama kabisa. Mimi nimekaa barazani nikilingoja, kama mgeni aliyefika wenyewe hawapo."

Nikamwagizia chai. Hakuinywa. Aliinuka akasema kama mimi sitaki, basi, na akaenda zake kituoni.

Nilidhani yameisha. Yaani mimi, mwenye kujua kusikiliza kwa vidole, nilidhani yameisha.

Masika yalipochanganya, asubuhi moja mzee alikwea mti wa mgrivelia ng'ambo ya kihamba chake, lile shamba la migomba la ukoo, kukata majani ya ng'ombe. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha gome. Akateleza, akaanguka, na mguu wake ukavunjika chini ya goti. Majirani wakaja, wakaufunga kwa vipande vya mbao na kanga. Mvua inanyesha, barabara ni utelezi mtupu, na mguu uliovunjika haupandi bodaboda. Pikapu ipo. Wakamweka kiti cha mbele, mguu juu ya gunia la majani.

Haya yaliyofuata nimeyasikia kwa Mama Manka, kisha nikayasikia kwa mzee mwenyewe, na walitofautiana katika jambo moja tu: nani kati yao alipiga kelele.

Jirani mmoja kijana, anayeongoza watalii mlimani, alisema ataendesha yeye ili mama amshike mgonjwa. Kijana hodari huyo, anafika kileleni na kurudi kama anaenda kuteka maji. Akaingia, akawasha, akaanza kukoroga. Mkono wa gia ukalala kushoto, ukalala kulia, ukamwangukia pajani.

"Bi mkubwa," akauliza, "hii gia iko wapi? Mi nimezoea otomatiki."

Mama Manka akamtoa, akaingia mwenyewe. Akakanyaga klachi, akashika, na mkono wake ukamwambia palepale. Kulikuwa hakuna kitu mle ndani. Gia ileile aliyoendea Kahe wiki nzima ilikuwa imerudi kuwa mwiko. Akageuka kumtazama mumewe.

"Baba Manka. Gari limefanywa nini?"

Mzee alikuwa amekunja uso kwa maumivu, na maumivu hayakuwa ya mguu peke yake. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaushika mkono wa gia.

"Kanyaga klachi," akasema.

Akakanyaga. Mzee akaisindikiza, akaibembeleza, ikaingia ya kwanza. "Achia polepole."

Wakaondoka hivyo. Mama ana usukani na miguu, mzee ana gia. Mabondeni maji mekundu yanakatiza barabara, na kijana wa watalii amesimama kwenye bodi la nyuma ameshikilia bomba la kando, anasali kwa lugha zote anazowasemesha wageni wake. "Kanyaga." "Achia." "Kanyaga." "Achia." Mama anasema waliongea maneno hayo mawili tu, na kwa muda wa ndoa yao hawajawahi kuelewana vile.

Kwenye mteremko mkali, gari likiwa gia ya pili, gurudumu likapiga jiwe na gia ikachomoka. Mnajua maana yake. Gari zito, utelezi, hakuna injini inayolishika, na mbele kuna kona yenye korongo. Mama akakanyaga breki, gari likaanza kuteleza ubavu. Hapo ndipo mmoja wao alipopiga kelele.

"Usikanyage breki yote!" mzee akasema. "Iachie! Klachi! Klachi, mama!"

Kuachia breki kwenye mteremko ule, kwa sababu tu mtu aliyeharibu gari amekuambia uiachie, ni imani kubwa kuliko nyingi ninazoziona Jumapili. Aliachia. Akakanyaga klachi. Mzee akaitafuta ya pili, akaikosa, akaitafuta tena, akaipata, na safari hii hakuuachia mkono wa gia. Aliukandamiza kwa nguvu zake zote usichomoke tena. Injini ikanguruma, gari likashikwa, likapita kona taratibu kama la maaskofu. Alikaa ameukandamiza hivyo mpaka lami. Mama anasema alimwona machozi yanamtoka, na mzee anasema ni mvua, dirisha lilikuwa halifungi.

Walifika hospitali. Mguu ukafungwa plasta.

Mchana ule mama akanipigia nimfuate huko, nilitazame gari. Nilimkuta ameketi kwenye bodi la nyuma la pikapu, viatu vimejaa tope. Akafungua kiganja.

"Manesi wamenipa koti lake," akasema. "Hii ilikuwa mfukoni. Ni ya gari?"

Ilikuwa ile bushi. Mzee alikuwa ameichomoa mwenyewe, tena vizuri, haina hata mkwaruzo. Nisingeweza kuitoa vizuri zaidi mimi.

"Ni ya gari," nikasema.

Akaigeuzageuza. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema, akanipa.

Niliivalisha palepale kwenye maegesho. Alipomaliza mambo ya wodini, akaingia garini peke yake, akatia rivasi, akatoka katikati ya gari la wagonjwa na ukuta wa mawe, nafasi ambayo mimi ningemwomba Mungu kwanza. Hakurudia mara mbili. Na kwa ninavyojua, hadi leo hajamuuliza mumewe habari za ile bushi. Nilitegemea amuulize. Nilikuwa nimejiandaa kusimuliwa.

Plasta ilipotolewa wakaja wote wawili gereji niangalie breki, maana kwenye mteremko ule ziliungua. Mama ndiye aliyeendesha. Mzee alishuka na mkongojo, akawaeleza vijana wangu namna ya kufungua magurudumu, jambo ambalo vijana walikuwa wakilifanya tangu waajiriwe. Nikamaliza breki. Nikaijaribu na gia: ya kwanza, ya pili, zote, hadi rivasi. Laini kama siagi.

Mama akavuka barabara kwenda kununua chumvi ya ng'ombe. Alipokuwa mbali, mzee akanisogelea.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Umeikaza sana."

"Imekaa kawaida, mzee wangu."

Akatazama ng'ambo ya barabara, mkewe akipatana bei. Akashusha sauti. "Hizo nyingine sawa. Kahe ni mbali, aende. Lakini huwezi kunilegezea rivasi tu? Kidogo."

Nyinyi mnaocheka, ngojeni mzeeke. Nilimweleza, kwa heshima, kwamba bushi ni moja, inashika gia zote, hakuna namna ya kulegeza moja ukaacha nyingine. Ni ukweli wa kifundi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa na daktari. "Basi," akasema. "Nilikuwa nauliza tu." Nikamsaidia kupanda, nikamfungia mlango.

Mama akarudi na mfuko wake wa chumvi. Duka lile liko ng'ambo, na barabarani malori yanapita. Hawezi kuwa alisikia. Akaketi, akawasha gari. Nyuma yake mlango wa gereji uko wazi, nafasi tele. Akakanyaga klachi, akauweka mkono kwenye gia, akaushikilia. Kisha akautoa.

"Baba Manka," akasema, "hii rivasi inanishinda. Hebu niwekee."

Mzee akaguna kwa uchovu mkubwa, gereji nzima ikamsikia. Akanyoosha mkono.

"Klachi yote," akasema. "Yote, mama. Ndiyo. Sasa achia polepole."